Fremu ya dirisha iliyokuwa ikioza kila masika: hatimaye imepona

Madirisha yetu ya zamani hapa Tanga yanatazama baharini. Kipande cha chini cha fremu kilikuwa kikioza kila masika: rangi inavimba, ukichoma kwa bisibisi inazama. Tulijaza pati na kupaka rangi, maji yakanasa ndani. Tukaweka paini, nayo ikaoza.

Kilichofaa ni mvule, tena kiini chake tu, ile sehemu ya kahawia. Pembeni kuna sehemu nyeupe inayooza na kuliwa na wadudu upesi, na ubao mmoja unaweza kuwa na zote mbili. Tazama kichwa cha ubao, yaani ncha yake iliyokatwa, kabla ya kulipa.

Ubao ulikaushwa kivulini, ukachongwa wenye mteremko wa kutoa maji nje. Kisha likaja jambo ambalo naliona kubwa kuliko yote: kabla ya kuunga, fundi alipaka praima, yaani rangi ya awali, kwenye vichwa vya mbao, ndimi za kuungia na matundu yake. Maji hupenya haraka zaidi kwenye vichwa kuliko ubavuni, na ukishaunga huwezi tena kufika huko kwa brashi.

Masika imepita, bisibisi haizami, na dirisha linafunga vizuri.