Ibrahimu Alitoka Uru na Nini?

Wapendwa, Bwana asifiwe. Juma hili nimekaa na Mwanzo 15:7: "Mimi ni BWANA, niliyekuleta kutoka Uru wa Wakaldayo."

Tumemzoea Ibrahimu wa mahemani hata tukasahau alikotoka. Uru, ambao wasomi wengi wanauweka kusini mwa Iraki ya leo, ulikuwa miongoni mwa miji mikuu ya nchi ya kale ya Sumeri. Katika nchi ile watu walianza kuandika kwenye vibao vya udongo yapata 3200 KK, hasa kutunza hesabu za shayiri na mifugo. Dakika 60 za saa yetu zina asili katika hesabu yao. Yapata 2100 KK mfalme Ur-Nammu akamjengea Nanna, mungu mwezi, mnara wa ngazi kwa matofali na lami, vitu vilevile vinavyotajwa katika Mwanzo 11:3. Utangulizi wa sheria zinazobeba jina lake unasema yatima hakutolewa kwa tajiri, wala mjane kwa mwenye nguvu. Nikisoma hayo namshukuru Mungu, ambaye hata huko hakujiacha pasipo shahidi.

Lakini udongo wa Uru ulificha jambo jingine. Katika makaburi ya kifalme ya yapata 2500 KK, karne nyingi kabla ya Ur-Nammu, mwanaakiolojia Mwingereza Leonard Woolley alifukua shimo moja lenye miili 74, karibu yote ya wanawake, wengi wamepambwa dhahabu. Waliuawa wamfuate mkubwa wao kaburini. Mafundi waliofua dhahabu ile walikuwa na kipaji cha ajabu, nacho kikaishia kupamba mauaji.

Yoshua 24:2 yasema baba za Israeli, ng'ambo ya Mto, yaani Frati, waliitumikia miungu mingine. Hiyo Ibrahimu aliiacha. Mizani, yaani ujuzi wa kupima na kuhesabu, hakuiacha. Ndiyo maana siwaelewi wanaofundisha kwamba elimu na biashara ni mambo ya dunia, mwamini ayakimbie. Soma Mwanzo 23 juma hili, taratibu. Sara amekufa, mumewe ni mgeni kati ya wana wa Hethi. Anapewa kaburi bure, anakataa. Anapima shekeli 400 za fedha, kwa kipimo cha wafanya biashara, mbele ya mashahidi langoni pa mji. Kisha anamzika Sara katika pango la Makpela, na hakuna mjakazi anayeuawa ili amsindikize.