Vinundu kwenye mizizi ya maharage
Leo asubuhi niling'oa shina moja la maharage shambani kwetu Mbozi, nikavipasua kwa ukucha vinundu vilivyoshikamana na mizizi yake, na ndani nikakuta rangi ya waridi, ishara kwamba bakteria wa rizobiamu waliomo wanafanya kazi. Mmea huwapa sukari, nao huigeuza naitrojeni, ambayo ni takriban asilimia 78 ya hewa tunayovuta, iwe chakula ambacho mmea unaweza kukitumia. Msimu uliopita nilitia mbolea nyingi ya urea, yenye naitrojeni, na vinundu vikawa vichache, vyeupe ndani, kwa kuwa mmea wenye naitrojeni tele hauwalishi bakteria hao, iliniuma sana. Nikishavuna, mizizi nitaiacha iozee udongoni, ili mahindi yatakayofuata yapate sehemu ya naitrojeni hiyo.