Jioni niliyokuwa pua ya Mama

Mafua yalimrudishia Mama kila kitu isipokuwa harufu. Sauti ilirudi, hamu ya kugombeza ilirudi, pumzi ikapita bila kukwama. Alikuwa akifungua kopo la karafuu, anavuta pumzi mpaka mabega yanapanda, halafu anarudisha kifuniko. "Hamna kitu."

Mtu mwingine angesubiri tu ipite. Mama alikuwa mpishi wa pua. Jikoni hakuonja. Aliinamia mvuke, akanyamaza kidogo, akajua kilichopungua, hata kama ni chumvi, ambayo haina harufu yoyote. Niliwahi kumuuliza anaijuaje, akaniambia nisimsumbue.

Daktari alimweleza kwamba kwa wengi uwezo wa kunusa hurudi taratibu, bila kuahidi lini, akampa na zoezi: asubuhi na jioni anuse harufu nne zilezile, waridi, mkaratusi, limau na karafuu, kila moja kama sekunde 20, huku akijitahidi kuikumbuka ilivyokuwa. Mama aliona ni shughuli ya watu wasio na kazi. Waridi na mkaratusi akavipuuza. Limau na karafuu alivikubali kwa sababu vilikuwa jikoni tayari.

Kilichomuumiza hasa ni sufuria. Siku moja kabla ya jioni hii alikuwa ameteleka adesi, akakaa palepale kwenye kigoda anachambua mchele, na adesi zikaungua pembeni yake mpaka moshi ukamuwasha macho. Adesi zina hila hiyo. Zikishaanza kuvurugika hutua chini na kushika kwenye kitako cha sufuria, wakati juu unaona mchuzi umetulia kabisa. Mwenye pua hushtuka mapema. Mama aliishtukia kwa macho, na ilikuwa imeshakuwa nyeusi. Aliisugua ile sufuria kwa mchanga bila kusema neno, na kesho yake akaniita.

"Leo wewe ni pua yangu. Mdomo nabaki nao mimi."

Nilidhani maana yake ni kwamba nitapika. Hata mwiko sikupewa.

Alianza kwa kumwaga adesi za kahawia kwenye sinia, akazitandaza kwa kiganja na kuzivuta kidogokidogo kuelekea kwake. Vijiwe vya kwenye adesi vinafanana nazo kwa rangi na kwa ukubwa, kwa hiyo hakuvitafuta kwa macho peke yake. Alisikiliza. Kijiwe kikigusa bati kinalia tofauti. Alitoa viwili, akaviweka pembeni, akaosha adesi mpaka maji yakawa meupe, akazibandika jikoni na maji yaliyozipita vidole vitatu. Hakuziloweka. Adesi si maharage, haziombi kulazwa majini usiku kucha.

Hapo ndipo niliona kwamba ana jambo. Siku zote supu yake ilikuwa ya adesi nyekundu, zile zilizomenywa na kupasuliwa, ambazo kwa dakika 15 au 20 hulegea na kuwa rojo laini unaloweza kulinywa. Tena ndiyo tuliyompikia alipokuwa kitandani, kwa kuwa inameng'enyeka upesi na adesi kavu karibu robo ya uzito wake ni protini. Za kahawia alikuwa anaziita chakula cha watu wenye haraka ya kutafuna. Sasa ndizo alizotanguliza.

"Mbona hizi, mama?"

"Ile supu nyekundu mdomoni kwangu sasa ni uji wa moto wenye chumvi. Kama sinusi, basi angalau nitafune."

Nilikuwa nimeshakata nyanya nikitaka kuzitia. Alizisogeza mbali kwa kiwiko. Nyanya zisubiri, alisema, ukizitia sasa adesi zitakaidi mpaka usiku. Hakunieleza kwa nini, nilikuja kuisoma sababu baadaye: tindikali ya nyanya, limau au ukwaju huimarisha ule utando unaoshikilia chembe za mbegu, na adesi hugoma kulainika. Maji yenye chokaa nyingi hufanya vivyo hivyo. Mama hakuwa na habari za utando, ila alijua zamu ya kila kitu. Povu lilipopanda aliliengua kwa upawa. Za kahawia zilipokaribia kuiva, akatia nyekundu konzi mbili, hizi ziyeyuke zifanye uzito, zile zibaki nzima. Akapunguza moto, na kila baada ya muda alipitisha mwiko chini kabisa, akikwaruza. Jana haikuwa imesahaulika.

Kisha kikaango. Akatia mafuta, na vitunguu vilivyokatwa vyembamba.

Mimi nilikuwa nimekaa tayari kutoa taarifa, lakini kwenye vitunguu hakunihitaji. Alifumba macho akasikiliza. Kitunguu kikiwa na maji mafuta hupiga kelele nene, ya fujo. Maji yakiisha kelele hupungua, inakuwa nyembamba na kavu, na hapo ndipo rangi huanza kushika. Alifungua macho wakati uleule kingo za vitunguu zilipoanza kuwa kahawia. Akatoa nusu na kuviacha vikauke pembeni, akabakisha nusu.

Akatia binzari nyembamba, nzima.

"Haya. Inanukaje?"

"Inanukia vizuri."

"Vizuri ndiyo nini?"

Nilibaki nimekodoa macho. Nimekulia kwenye jiko hilo, binzari nyembamba naijua hata usingizini, lakini hakuna aliyewahi kunitaka niieleze. Mama alishika mpini wa kikaango, anangoja, na mbegu zinaendelea kugeuka kwenye mafuta.

"Mbichi bado," nikasema. "Ya majani makavu."

"Endelea."

Zikaanza kuruka, tiki, tiki. "Imepoa ukali. Inakuwa nzito. Sasa imegeuka karanga."

"Karanga mbichi au za kukaanga?"

"Za kukaanga. Mama, kuna uchungu unak..."

Kikaango kilikuwa kimeshaondoka motoni. Akatupia tangawizi na kitunguu saumu vilivyopondwa ili kuyatuliza mafuta, akakirudisha, halafu manjano, mbegu za giligilani zilizosagwa, mdalasini kidogo na punje mbili za iliki alizozipasua kwa meno. Nyanya zikafuata mwisho, zikapikwa mpaka mafuta yakajitenga. Ndiyo maana viungo huanzia kwenye mafuta wala si kwenye maji: sehemu kubwa ya harufu yake huyeyuka kwenye mafuta, na mafuta hayo ndiyo huisambaza sufuria nzima. Ukivimwaga juu ya supu inayochemka unapata rangi, na punje za kutafuna.

Alipomimina kikaango kwenye adesi nyumba nzima ilijaa. Yule Esau wa kitabu cha Mwanzo, aliyerudi kutoka porini akauza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula cha adesi, huwa anasemwa vibaya sana. Mimi tangu siku hiyo namwonea huruma. Nadhani aliuza akiwa bado mlangoni.

Mama akachota kijiko akaonja. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo na sufuria bado iko jikoni, na aibu kidogo ilinipata, kana kwamba nimemkuta anachungulia barua ya mtu.

"Chumvi ipo," akasema. Akazungusha ulimi. "Tangawizi naipata. Hii binzari yako ya karanga imekuwa makapi. Manjano ni rangi ya ukuta. Iliki umetia?"

"Umetia wewe."

"Haimo."

Ilikuwemo, tena ndiyo iliyokuwa inanifikia mimi kabla ya kitu kingine. Kumbe tunachokiita ladha, ulimi unakijua sehemu ndogo tu: chumvi, uchachu, utamu, uchungu na ule ukolezi wa mchuzi wa nyama. Yaliyobaki hupanda puani kwa mlango wa nyuma, kupitia kooni, wakati unatafuna. Pilipili, pilipili manga na tangawizi ni watu wengine. Ukali wake hupita kwenye mishipa inayohisi joto na maumivu, na mishipa hiyo kwa Mama ilikuwa mizima. Kwa hiyo alijenga upya chakula chake kwa vile alivyobakiwa navyo. Akatwanga tangawizi nyingine. Akasaga pilipili manga, nyingi. Akakamua limau, akaonja, akakamua tena. Nikamwambia inatosha. Akakamua tena.

"Mama, wengine tunakula pia."

"Najua. Ndiyo maana nimetia iliki."

Swali hilo nilikuwa nimelishikilia tangu kwenye kikaango: kwa nini ahangaike na binzari na mdalasini wakati kwake vyote ni vumbi. Nikamuuliza. Akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Kwani nakula peke yangu?"

Akaendelea kunihoji. Mdalasini umezidi? Kitunguu saumu kimeiva au bado kinanuka kibichi? Nilipomwambia bado kidogo, akaacha sufuria dakika chache zaidi, akaniuliza tena, akakubali neno langu bila kubisha. Sikumbuki kama aliwahi kukubali neno langu hivyo katika jambo lolote, na sitaki kudanganya kwamba sikulifurahia. Kisha akapakua. Adesi za kahawia zilikuwa nzima, laini ndani, zimezama kwenye rojo la zile nyekundu. Juu akamwagia vile vitunguu vilivyokauka, na alipotafuna vikalia mdomoni akatikisa kichwa kukubali. Hicho alikisikia.

Kwangu limau lilikuwa limezidi, na nilikula bakuli mbili. Tangu hapo siachi kulitia, japo si kwa mkono ule wa Mama, na adesi zangu huwa za aina mbili, za kutafuna na za kuyeyuka.

Dada alirudi tukiwa bado mezani. Hata viatu hajavua, akasema kutoka mlangoni, "Adesi!"

Mama akainua mkono. "Zinanukaje?"

"Vizuri."

Mama akanigeukia. "Mmetoka tumbo moja, hakika." Akachukua bakuli lililokuwa limeandaliwa kwa ajili ya dada, akalivuta upande wake na kuliwekea kiganja juu. "Vizuri ndiyo nini? Sema kwanza, ndipo ule."

Dada akanitazama kuomba msaada. Nikajishughulisha na mkate. Akavuta pumzi, akafikiri.

"Tangawizi. Limau. Iliki, kwa mbali." Akasita. "Na kuna kitu kimeungua."

"Kimeungua?" Mama alishakuwa amesimama, macho kwenye sufuria.

"Vitunguu vya juu, mama," nikasema. "Ulivitaka vyeusi."

Akakaa. Akamsukumia dada bakuli lake.