Kibo Kama Kipimo cha Vioo

Moshi, Jumamosi

Kwa yeyote anayepiga picha za stirio, yaani picha mbili zinazotazamwa pamoja ili kuona kina, katika mji huu, ninaamini hakuna chombo cha kusahihisha vioo vya kifaa chake kinachoushinda Mlima Kilimanjaro wenyewe, na kilele chake Kibo. Kifaa changu hufungwa mbele ya lenzi ya milimita 50 na kina vioo vinne: viwili vya ndani vimekutana kwa pembe, ncha yao ikiielekea lenzi, na viwili vya nje vimetengana kwa takriban milimita 65, karibu sawa na umbali uliopo baina ya macho ya mtu mzima. Fremu ya filamu yenye upana wa milimita 36 hugawanyika, nusu moja ikaona kama jicho la kushoto na nyingine kama jicho la kulia. Charles Wheatstone naye alitumia vioo mwaka 1838 alipoonyesha kwamba akili huziunganisha picha mbili za namna hiyo na kupata kina.

Kina hicho hakifiki mbali. Mlima wenye kimo cha mita 5,895, ukitazamwa kutoka mjini kwa nafasi ndogo kama hiyo, huwa bapa kabisa, na ubapa huo ndio faida yake kwangu. Kwa kuwa pande zote mbili za kifaa zinapaswa kuuona mlima kwa namna moja, tofauti yoyote ya kimo kati ya Kibo cha kushoto na Kibo cha kulia haiwezi kutoka mlimani. Imetoka kwenye vioo.

Asubuhi, kabla mawingu hayajaufunika, niliiweka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, nikafungua mgongo wake ukiwa hauna filamu, nikabandika mahali pa filamu kipande cha karatasi angavu wanayotumia wachoraji wa ramani za nyumba, kisha nikaiacha shata, pazia linalofungulia mwanga, wazi kwenye alama ya B na kujifunika kitambaa cheusi. Kitazamio hakitoshi kwa kazi hii, kwa sababu duara lake la kufokasi liko palepale picha inapogawanyika, na lenzi ikiwa wazi kabisa utepe wa katikati, pale nusu mbili zinapokutana, huonekana mpana na wenye ukungu kuliko utakavyokuwa kwenye f/8, yaani tundu la lenzi likipunguzwa.

Kwenye karatasi, Kibo cha kulia kilikaa juu ya mwenzake kwa karibu nusu milimita. Ni kidogo, lakini macho, ambayo huvumilia sana picha kusogea kando, hayavumilii moja likitakiwa kutazama juu na jingine chini, na sasa ninaelewa kwa nini picha za mwezi uliopita ziliwaumiza kichwa wote niliowaonyesha. Tena, upande huohuo theluji ilikuwa na ukingo wa pili, hafifu. Niligusa kioo cha nje kwa ncha ya penseli: ncha na taswira yake hazikukutana. Kabla kifaa hakijanifikia, mtu alikuwa ameweka hapo kioo cha kawaida cha nyumbani, ambacho rangi yake ya fedha iko nyuma. Uso wa mbele wa kioo cha aina hiyo hurudisha asilimia 4 au 5 ya mwanga, nayo inatosha kuchora mzimu, yaani ile taswira ya pili iliyo hafifu.

Kioo chenye fedha usoni hupatikana ndani ya mashine za fotokopi, kwa hiyo nilikwenda kwa fundi mmoja mzee.

“Shikamoo, fundi.”

“Marahaba, mwanangu. Vioo vya mashine zilizokufa ninavyo, ila usikiguse usoni, kitachubuka.”

Alikikata kwa kuchora mstari upande wa nyuma, kwa mkono mtulivu ambao bado ninaustaajabia. Mzimu ukatoweka, lakini kimo kikabaki na tofauti. Hapo kazi ni ya karatasi: kipande cha karatasi ya kawaida ya kuchapia, chenye unene wa milimita 0.1 hivi, kikiwekwa chini ya ukingo wa kioo chenye urefu wa milimita 30, huishusha au kuipandisha taswira kwa karibu robo ya milimita kwenye filamu. Vipande viwili vilitosha. Sikutia gundi mpaka vilele vyote viwili vilipolingana na mstari mmoja wa penseli.

Kwenye pembe za picha tofauti bado ipo, na huko sitagusa kitu. Lenzi moja inayotazama pande mbili kwa mshazari hulazimika kuupindisha mraba uwe trapeza, kila nusu kinyume cha mwenzake. Hitilafu ya kioo kilichoinama huinua nusu nzima kwa kiasi kilekile, ilhali mpindo huu huwa sifuri katikati na kukua kuelekea juu na chini. Mtu asiyezitofautisha atapachika karatasi bila kikomo, akitengeneza juu na kuharibu chini. Mimi nitaweka mambo ya maana katikati ya kimo cha picha, nikianza na mibuni iliyo chini ya migomba, na mti wa mbele kabisa ukiwa umbali usiopungua mita 2.