Mada Tatu Nilizozipeleka Arusha

Kwa miaka sita nimekuwa nikiandika blogu ya Kiswahili kuhusu kahawa na maisha ya vihambani, yaani kwenye mashamba yanayozunguka nyumba zetu, nikiwa Kibosho, juu kidogo ya mji wa Moshi. Naandika kuhusu magonjwa ya kahawa kama chulebuni na kutu ya majani, kuhusu bei za mnadani, kuhusu zamu za maji ya mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, na mara nyingine kuhusu wazee wanaoikumbuka KNCU, chama kikuu cha ushirika kilichoanzishwa mwaka 1933, enzi ambazo fedha ya kahawa ilijenga shule. Sikuwahi kusimama mbele ya watu kuieleza kazi hiyo, hadi liliponifikia tangazo la kongamano la wanablogu litakalofanyika Arusha, likimwalika kila mwenye jambo la kueleza apeleke pendekezo la mada.

Kongamano la namna hii huandaliwa na wanablogu wenyewe kwa kujitolea, na watoa mada hawalipwi, kwa kuwa wanaoketi kwenye viti asubuhi ndio hao hao wanaopanda jukwaani mchana. Utaratibu huo si mgeni duniani: watumiaji wa WordPress, programu iliyotoka mwaka 2003, walifanya kongamano lao la kwanza, WordCamp, huko San Francisco mwaka 2006, na tangu hapo mikutano ya aina hiyo imefanyika katika nchi nyingi. Kwetu, kamati iliomba kichwa cha mada, muhtasari usiozidi maneno mia tatu, na maelezo ya nani anafaa kuisikiliza. Majina yaliondolewa kabla ya mapendekezo kupewa wasomaji wa kamati, kwa hiyo pendekezo lilipaswa kujitetea lenyewe.

Mwaka wa kwanza nilipeleka mada niliyoiita “Umuhimu wa Blogu katika Maendeleo ya Jamii”. Ilikataliwa kwa barua fupi yenye shukrani, na iliniuma, kwa sababu nilikuwa nimeiandika kwa siku tatu na kila neno lilikuwa la kweli. Baada ya wiki mbili niliisoma upya, safari hii kama mtu asiyenijua, nikaona kosa lake. Muhtasari ule haukuwa na sentensi hata moja ambayo isingeweza kuandikwa na mtu asiyewahi kuandika blogu maishani mwake. Nilikuwa nimetaja elimu, ajira, vijana na utandawazi, lakini kahawa haikuwamo, Kibosho haikuwamo, wala usiku ninaokaa nikihariri picha haukuwamo.

Mada iliyonifungulia mlango nilipewa na katibu wa chama chetu cha msingi, ingawa yeye hakujua kwamba ananipa mada. Ilikuwa siku ya kupima kahawa ya maganda, watu wamepanga foleni na magunia yao, naye amekaa kando ya mizani na daftari mapajani. Nilimwuliza kama amesoma makala yangu mpya kuhusu ukaushaji wa kahawa kwenye vichanja. Akatoa simu, akaifungua blogu, tukasubiri pamoja. Kichwa cha habari kilitokea, kisha kikatokea kipande cha juu cha picha ya kwanza, utepe mwembamba wa anga, basi. Mkulima aliyekuwa mbele ya foleni alipimiwa, akaandikwa, akaondoka, na ule utepe ulikuwa vile vile.

“Kaka yangu,” aliniambia kwa upole, “unaandika vizuri, lakini hii yako inakula bando. Mimi naifungua mara moja kwa wiki, mwanangu akija na simu yake.”

Nilirudi nyumbani nikiwa na uchungu, maana huyo ndiye msomaji niliyekuwa nikimwandikia siku zote. Nilipokagua ukurasa ule nilikuta picha nane nilizozipandisha kama zilivyotoka kwenye simu, kila moja ikiwa na megabaiti nne hivi, ambayo ni zaidi ya megabaiti thelathini kwa makala ya dakika tano. Jioni tatu zilizofuata nilizipunguza moja moja: kwanza upana, kutoka pikseli elfu nne hadi 1,200, ambazo zinatosha kabisa kwa kioo cha simu; kisha nikazihifadhi upya kwa ubora wa chini kidogo, nikilinganisha kwa macho mpaka pale ambapo punje za kahawa zilianza kupoteza kingo zake, hapo nikarudi nyuma hatua moja. Kila picha ikashuka chini ya kilobaiti 150, na ukurasa mzima ukawa megabaiti moja na ushei. Wiki iliyofuata katibu alifungua makala ile kabla hajamaliza kuuondoa mpira wa daftari lake.

Tangazo la mwaka wa pili lilipotoka, nilianza pendekezo kwa maneno “Katika ulimwengu wa leo wa sayansi na teknolojia”, nikayafuta, nikaandika hivi: “Mwaka huu msomaji wangu mkuu alishindwa kufungua makala yangu kwa sababu ya uzito wa picha. Nitaonyesha, kwa ukurasa ule ule, jinsi nilivyozipunguza picha nane kutoka megabaiti thelathini na mbili hadi moja, kwa simu tu, bila kompyuta. Kila mshiriki atapunguza picha yake mwenyewe kabla ya kutoka ukumbini.” Kichwa kikawa “Picha Nane, Megabaiti Moja”. Kwenye kipengele cha wasikilizaji nilijizuia kuandika “watu wote”, neno ambalo naamini huwachosha wasomaji wa mapendekezo kuliko jingine lolote, nikaandika: wanablogu ambao wasomaji wao hununua bando la siku.

Katika siku hizo nilikuwa nikimkumbuka sana William Kamkwamba. Basi la Moshi kwenda Arusha hupita Usa River, karibu na hoteli ya Ngurdoto ulikofanyika mkutano wa TEDGlobal mwezi Juni 2007, na kijana huyo wa Malawi, wakati huo akiwa na miaka kumi na tisa, alipanda jukwaani pale kwa dakika chache kueleza jinsi alivyotengeneza kinu cha upepo kwa vyuma chakavu na vitabu vya maktaba ya kijijini kwao. Habari zake ziliandikwa kwanza kwenye gazeti la Malawi, mwanablogu mmoja akaziandika, na kwa njia hiyo Emeka Okafor, aliyekuwa mkurugenzi wa programu ya mkutano ule na mwanablogu yeye mwenyewe, akazisoma na kumtafuta hadi akampata. Kila nikipita pale huwaza kwamba hakualikwa kuzungumzia umuhimu wa nishati barani Afrika. Alialikwa aeleze kinu chake.

Fomu iliruhusu mapendekezo matatu. La pili lilihusu kuomba ridhaa kabla ya kumpiga mtu picha, jambo nililojifunza baada ya kijana mmoja kuniomba niondoe picha ya baba yake akianika kahawa. Mzee alikuwa amekubali kupigwa picha, lakini hakuelewa kwamba ingeonekana na watu wa mbali. Niliiondoa siku hiyo hiyo, nikaenda kumwomba radhi. Katika muhtasari niliihusisha habari hiyo na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini uzito niliuweka kwenye maneno ninayoyatumia sasa ninapomwomba mtu ruhusa, yaani kumwonyesha simu, kumfungulia blogu yenyewe, na kumweleza kwamba hata ndugu aliye Dar es Salaam ataiona. Kamati iliipenda, ila ikaomba niifupishe iwe ya dakika kumi. Nilikubali bila kusita, kwani ilikuwa na kisa kimoja tu.

La tatu lilikuwa la kueleza leseni ya blogu. Tangu zilipotoka Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018, zilizowataka wenye blogu wasajiliwe TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na kulipia, hakuna mkutano wa wanablogu ambao swali hilo halijaulizwa, na kanuni zenyewe zimebadilishwa tangu hapo. Nilidhani nafanya jambo la msaada. Jibu la kamati lilikuwa kwamba mada hiyo wangempa mwanasheria, nami nakiri walifanya sawa, kwa sababu mtu akifuata maelezo yangu akapata hasara, mimi nisingekuwa na namna ya kumfidia.

Mada ya picha ilikubaliwa kama ilivyo, dakika arobaini pamoja na maswali. Nilipofika ukumbini nilianza kwa kuwaomba washiriki wazime waifai na kufungua blogu zao kwa bando. Hilo halikuwamo kwenye pendekezo, na sasa nadhani lilipaswa kuwamo, maana ndilo lililowashika.

Niliporudi nilimsimulia katibu. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama mtu asiye na blogu anaruhusiwa kupeleka mada. Nikamjibu kwamba tangazo linamtaka mwenye jambo la kueleza. Mwezi uliopita alinipa karatasi mbili zilizokatwa kwenye daftari la mistari, akaniomba nimwingizie kwenye fomu. Inaanza hivi: “Nina madaftari ya mizani ya misimu kumi na mmoja, na kila msimu wakulima wananiuliza swali moja ambalo jibu lake limo humo, lakini hakuna aliyewahi kuliandika mahali wanapoweza kulisoma.” Nilirekebisha herufi moja, nikaituma.