Saa ya bei mbaya na watu wa forodha

Ndugu zangu wa Marekani mnaoenda nyumbani Desemba na saa za bei mbaya mkononi, sikieni. Saa ya Uswisi, hata kama uliinunua hapahapa, ukirudi nayo Marekani, watu wa forodha wanaweza kukuuliza umeitoa wapi. Vitu ulivyonunua nje vikizidi dola 800 kwa kawaida ushuru unakuhusu, na ni juu yako kuonyesha kwamba saa ulitoka nayo.

Mimi nilipokuwa naenda Mombasa harusini, nilipitia kwanza ofisi ya forodha na Omega yangu, nikajaza fomu 4457, ya kuandikisha vitu vyako unavyotoka navyo. Bure kabisa. Afisa alitaka saa yenyewe, si picha. Akalinganisha namba iliyochongwa na ile niliyoandika, akagonga muhuri, basi. Fomu hiyo unaitumia hata safari nyingine, mradi isomeke. Risiti au karatasi za bima nazo zinasaidia, ila mimi naamini muhuri. Boksi lake liacheni nyumbani, la nini kutembea nalo?

Niliporudi, saa haikutupiwa hata jicho. Maswali yote yalikuwa ya halua.