Sawa, mama. Nabonyeza tu

Leo ni siku ya tisa na maneno haya bado yako sikioni mwangu. Hayakusemwa kwa hasira. Yangesemwa kwa hasira ningeshapata pa kuyaweka. Baba aliyasema kwa sauti ileile anayotumia pale konda anapomrudishia chenji pungufu na nyuma yake watu wanasukumana kushuka: sauti ya mtu aliyeamua kuacha.

Ilikuwa Alhamisi ya tarehe 21 Novemba 2024, saa nane mchana, nipo kaunta. Mnajua Alhamisi dukani kwetu inavyokuwa. Mzigo umeingia, mfamasia yuko stoo anahesabu maboksi, na mbele yangu wamesimama watu sita na karatasi zao za daktari. Nyumbani uniti zilikuwa zimeisha tangu asubuhi na Baba yuko peke yake. Nikanunua umeme wa elfu kumi kwa simu. Ujumbe ukaja mrefu kuliko kawaida, seti tatu za tarakimu ishirini ishirini. Nilizitegemea, maana mwezi mzima matangazo yalikuwa yanasema kila mita ya LUKU iwe imeboreshwa kabla ya 24 Novemba. Kumrushia Baba ule ujumbe haikufaa, macho yake na kile kitochi havipatani tena. Nikampigia nimsomee.

"Baba, upo kwenye mita?"

"Nipo."

"Saba, moja, nne, sifuri."

"Saba, moja, nne, sifuri," akarudia. "Endelea."

Tukaenda hivyo, nne nne, mpaka seti ya kwanza ikakubali. Nikamwambia sasa tunaingiza ya pili. Akanyamaza kidogo.

"Ya pili ya nini? Umenunua mara mbili?"

"Hapana, Baba. Ni maboresho. Ziko tatu."

"Maboresho ya nini? Hiyo mita imesahau nini hata tuifundishe upya?"

Mteja mmoja akagonga kioo kwa funguo zake. Nami nikasema: "Baba, wewe bonyeza tu, usiulize."

Kimya. Nikasikia jogoo wa Mama Nasra akiwika huko uani kwetu.

"Sawa, mama. Nabonyeza tu."

Kuanzia hapo hakurudia tarakimu hata moja. Zile arobaini zilizobaki nilizisoma kama nausomea ukuta. Zote zikakubali, taa zikawaka, nami nikageuka kwa mteja mwenye funguo nikampa dawa yake ya kikohozi.

Nimejaribu kujitetea. Foleni ilikuwa ndefu, kweli. Sikumtukana, kweli. Lakini yule ni baba yangu, na ni mtu ambaye kurudia kilichosomwa ndiko kulikomlisha maisha yake yote. Miaka mingi alikaa kaunta ya simu za maandishi, yaani telegramu, enzi Posta na Simu ni shirika moja. Mtu anakuja na habari ya msiba, karani anahesabu maneno kwa sababu malipo ni kwa neno, halafu anamsomea mwenyewe upya kabla ya kupeleka. Tulipokuwa wadogo alituambia herufi moja ikikosewa unaweza kumzika mtu aliye hai. Kwa hiyo aliporudia "saba, moja, nne, sifuri" hakuwa ananichelewesha. Alikuwa kazini. Mimi ndiye niliyemtoa kazini, tena kwa neno ambalo nisingekubali kuambiwa na mtu yeyote.

Na hapo ndipo panaponiuma zaidi, kwa sababu mimi ndiye ninayelalamika kila siku kwamba nchi hii tunapelekwa kwa "fanya tu". Mwaka 2021 tozo za miamala ya simu zilipoanza, tarehe 15 Julai, nilipiga kelele humu ndani wiki nzima. Baba hakupiga kelele. Alichukua kauntabuku lake, lile la jalada jekundu, akaandika kila hela aliyomtumia Shangazi Lindi na kilichokatwa pembeni yake. Halafu akaenda kibandani kumuuliza wakala ile hela inakwenda wapi na imekadiriwaje. Yule binti akamwambia, "Mzee, hayo mambo ya serikali, wewe weka namba ya siri tu." Alirudi akanisimulia, nami nilikasirika kwa niaba yake mpaka chai ikapoa. Septemba ya mwaka huohuo tozo zikapunguzwa kwa asilimia 30, akapiga mstari kwenye daftari na kuandika tarehe. Mwaka huohuo pia kodi ya jengo ikaanza kukatwa kupitia LUKU, elfu moja kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na katika nyumba yetu yeye ndiye wa kwanza kuona kwamba manunuzi ya kwanza ya mwezi yanatoa uniti pungufu. Aliona kwa sababu anaandika, na anaandika ili apate kuuliza.

Yule binti wa kibandani nilimwita hana adabu. Nimetumia maneno yaleyale.

Wiki hii yamepita makubwa. Mjini watu bado wanalizungumzia ghorofa lililoporomoka Kariakoo tarehe 16, Jumatano tumepiga kura za serikali za mitaa, na siku hiyohiyo ikatufikia huku Kigamboni habari ya kifo cha mbunge wetu, Dkt. Faustine Ndugulile, aliyechaguliwa Agosti tu kuiongoza WHO kanda ya Afrika. Baba alivaa kanzu akaenda kupiga kura mapema, akarudi, akakaa redioni. Siku nyingine angeuliza mambo kumi: nani kashinda mtaa wa pili, jimbo litafanywaje sasa. Safari hii hakuniuliza hata moja. Nikimwandalia chai anasema "sawa, mama". Nikimwambia pantoni ilichelewa anasema "sawa, mama". Baba Junior alipiga simu kutoka Tunduma, foleni ya malori haisogei, nikamwambia, "Baba hajaniuliza kitu tangu Alhamisi iliyopita." Akanijibu labda amechoka. Hajachoka. Namjua.

Jana usiku watoto walipolala nikaamua kutafuta jibu la lile swali lake. Nilisoma mpaka saa sita. Na nawaambia, swali lilikuwa zuri kuliko nilivyostahili kuulizwa. Asubuhi leo nilimkuta barazani, nikavuta kigoda.

"Baba, ile mita haikusahau. Ilikuwa inakaribia kumaliza kuhesabu."

Akazima redio.

Nikamweleza nilivyoelewa. Kila namba ya umeme tunayonunua imefichiwa ndani yake dakika iliyotengenezwa, na dakika hizo zilikuwa zinahesabiwa tangu mwanzo wa mwaka 1993. Ndivyo mita inavyojua kwamba namba hii ni mpya na ile ilishatumika, mtu asiingize moja mara mbili. Sasa nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ni ya tarakimu 24, na kila tarakimu ni sifuri au moja. Zikijaa, hesabu inarudi sifuri, na namba uliyonunua leo mita itaiona ni kuukuu na kuikataa. Ni hivyo dunia nzima kwa mita za aina hii, si kwetu tu. Zile seti mbili za kwanza hazikuwa umeme. Zilikuwa zinabadilisha ufunguo wa mita na kuifutia kumbukumbu ya zamani ili ianze upya. Umeme ulikuwa kwenye ya tatu.

"Nafasi 24," akasema. "Sifuri au moja." Akaniagiza kauntabuku.

Nikakaa nikamtazama. Alianza na mbili, akaizidisha mara mbili, nne, nane, kumi na sita, akashuka ukurasa mzima kwa kalamu, hana haraka, mpaka akafika 16,777,216. Nikahakiki kwa simu, sawasawa. Siku moja ina dakika 1,440. Akagawanya: siku 11,650 na kitu. Miaka 31 mizima tangu Januari 1993, na miaka mirefu saba ndani yake, ni siku 11,322. Zikabaki 328. Akahesabu miezi ya mwaka huu kwa vifundo vya ngumi, Januari mpaka Oktoba, siku 305. Zikabaki 23.

"Siku 23 za Novemba zimekwisha," akasema, "kwa hiyo inaangukia tarehe 24." Akaipigia mstari mara mbili.

Sikumwambia mimi tarehe hiyo itokee kwenye hesabu. Aliifikia mwenyewe, kwa kalamu, barazani, na uso wake ulivyokuwa siwezi kuuandika vizuri hata nikirudia mara ngapi. Akacheka. Akasema mwaka 1993 ndio sheria ilipopita ya kuigawa Posta na Simu, wakawa mashirika mawili, na wao makarani hawajui nani anakwenda wapi. "Kumbe sisi tunagawanywa, mwenzetu ndiyo anaanza kuhesabu."

Nikamwambia, "Baba, Alhamisi ile nilikosea."

Hakujibu hilo. Aliuliza, "Na hii mpya inaanzia lini?" Nikamwambia 2014. Akainama tena, dakika tano, akainuka: "24 Novemba 2045. Junior atakuwa na miaka 30." Akafungua ukurasa wa mwisho wa kauntabuku akaandika tarehe hiyo, na chini yake jina la Junior, ili ajue kwa nini siku hiyo ikifika. Halafu akaniuliza kama kwenye duka letu tunaandika namba za dawa zinazoisha muda au tunaitegemea kompyuta. Akauliza pantoni zinazofanya kazi ni ngapi sasa. Akauliza mbunge atazikwa wapi. Nimejibu yote, mengine mara mbili, chapati zikaungua na sijali.

Chai ya saa nne tumeinywa pamoja. Sasa ni saa kumi na mbili jioni na kuna jambo jingine linalonikaa kifuani. Zawadi, aliyekuwa kwa Shangazi, amemaliza mtihani wake wa kidato cha nne na leo alikuwa apande basi kutoka Lindi, ashukie Mbagala, binamu yake ampokee. Shangazi anasema aliondoka alfajiri. Mara ya mwisho alinitumia ujumbe saa tano, akisema mvua ni kubwa na wamesimama. Tangu hapo simu yake inaita mpaka inakata. Nimemwambia binamu yake asiondoke kituoni.